Wacha Kaseti Ifike Mwisho

Mumbua alinipigia simu nikiwa nimeshika kuku mkono mmoja na kisu mkono wa pili, ndiyo maana habari ya msiba ilinipata sijajiandaa. "Mwende," akasema, "mama ametuacha." Nikamwachilia kuku, akapita chini ya lango, na mpaka leo sijui anatagia kwa nani. Tulilia kwenye simu, yeye huko Kathonzweni, mimi hapa Kitui mjini, halafu akajikaza na kuniuliza: "Ile CD ya baba, si wewe unayo nyingine? Yetu imekwaruzika, inarukaruka tu. Nataka icheze tukimzika mama, wawe wote wawili nyumbani." Nikamwambia ninayo, aondoe shaka. Nilipokata simu nilienda mbio chumbani, na magoti yangu haya, nikavuta sanduku la bati kutoka chini ya kitanda, na lazima niseme ukweli hata kama si vizuri kuusema siku ya kifo: nilikuwa na furaha. Ndani ya lile sanduku, kando na CD aliyoitaka, kulikuwa na rekodi nyingine ambazo Mumbua hakujua kama zipo, na ambazo mama yake mwenyewe aliniagiza nizitupe. Sikuzitupa. Ili mtu aelewe kwa nini, inabidi nirudi kwenye ule mwaka wa Makindu.

Nilikuwa na miaka ishirini na nne. Mambo ya kwetu na jinsi nilivyoondoka Kitui nitayaacha, hayana kazi hapa. Nilikuwa na cheti cha kompyuta kilichokunjwa mara nne na hakuna aliyekitaka, mpaka nilipofika kwa Fundi Mulwa. Duka lake lilikuwa chumba kimoja kando ya barabara ya Mombasa, kimegawanywa katikati na leso iliyoning'inizwa kwenye waya. Upande wa mbele palikuwa na redio za watu, nyingine zimefunguliwa matumbo, nyingine zimesubiri wenyewe mpaka zikaota vumbi. Nyuma ya leso palikuwa na fahari ya Fundi: kompyuta kuukuu, aliyoifunika kitambaa cha kochi kilichofumwa na mkewe, maua mekundu na kijani, na kila asubuhi alikitoa kitambaa hicho kwa mikono miwili kama anayemvua mtoto mgonjwa shati. Nje aliandika kwa rangi ya mafuta: TUNAHAMISHA KASETI KUINGIA KOMPYUTA NA CD. HARUSI, KWAYA, MAZISHI. Aliponiona na cheti changu alinisalimu kwa Kikamba, nikaitika, akacheka. "Nyinyi wa Kitui mnaongea Kikamba kama mnaimba," akasema. "Haya, mwimbaji, unajua kutumia hii mashine? Mimi najua mambo ya kaseti, mambo ya ndani ya hii sijui. Wewe utakuwa macho, mimi nitakuwa masikio."

Nakumbuka siku ya kwanza vizuri kuliko siku ya harusi yangu. Fundi alisugua hedi, ile pua ya chuma inayosoma utepe, ya redio kaseti kwa pamba na spiriti, akaigeuza skrubu ndogo pembeni kidogo, kidogo tu, mpaka sauti ikatoka kwenye ukungu, akachomeka waya mmoja kwenye tundu la spika za masikio na upande wa pili nyuma ya kompyuta. Nikabonyeza kitufe chekundu. Na sauti ikaonekana! Haki ya Mungu, ilionekana, milima na mabonde ya kijani ikitembea kwenye kioo, kwaya ya mazishi ya mtu nisiyemjua, na mahali sauti za akina mama zilipopanda milima nayo ikapanda. Nilipiga kelele mpaka mwenye duka la jirani akaja kuuliza kama kuna nyoka. Fundi naye, aliyekuwa na umri wa baba yangu, alikuwa akiruka mguu huu na huu. "Unaona? Unaona wapi wamevuta pumzi?" Leo watoto wanaoshika simu tangu tumboni hawawezi kuelewa ile raha. Wanadhani sauti siku zote imekuwa kitu cha kuangalia.

Kazi yenyewe ilikuwa na sheria moja, nayo ilinichosha kuliko jua. Kaseti ya saa moja inahama kwa saa moja, hakuna njia ya mkato, na Fundi alitaka mtu akae aisikilize mpaka mwisho wa utepe, mpaka kitufe kiruke chenyewe, tak. "Kaseti haizimwi," alisema. "Inajizima." Hata kama mhubiri ameshasema amina na watu wameshaenda nyumbani, hata kama kimebaki kishindo cha upepo tu, ukae. Mimi nilikuwa kijana, damu inachemka, nilitaka kumaliza kumi kwa siku. Kwa hiyo Fundi akitoka, mimi nasikia amina, nazima. Sikumwambia. Chakula cha mchana tulikula kwenye hekalu la Masingasinga, mahali ambapo msafiri yeyote anakaribishwa, unafunika kichwa, unavua viatu, unapewa chapati na dengu na chai nzito, na sharti lao ni moja, usibakishe kwenye sahani. Fundi alipenda hilo sharti. Alikuwa akifuta sahani kwa kipande cha mwisho cha chapati huku akinitazama, ananihubiria bila kufungua mdomo, nami najifanya sielewi.

Mama Mumbua alikuja siku ya soko, ametoka Kathonzweni alfajiri, na kiondo chake hakukiweka chini hata alipokaa. Alikuwa mwanamke mrefu wa miaka arobaini na kitu, leso imefungwa vizuri, Biblia kwapani. "Bwana asifiwe," akasema. "Amina," nikajibu. Fundi alikuwa ameenda mji wa Salama kutafuta mkanda wa redio ya mtu, kwa hiyo nilikuwa peke yangu, bosi wa duka zima. Akatoa kaseti moja moja mpaka zikawa kumi na saba, akazipanga mezani kama anayepanga mayai. Zote zilikuwa za zamani, na yale matundu mawili ya juu, ambayo mtu huyatoboa ili kaseti isirekodiwe tena, yalikuwa yamezibwa kwa selotepu iliyogeuka rangi ya chai. "Binti yangu," akasema, akashusha sauti ingawa tulikuwa wawili tu, "hapa juu kuna mahubiri. Nataka mkwangue mahubiri, mfikie yaliyo chini."

"Yaliyo chini ni nini, mama?"

"Ni bwana yangu."

Akaniambia yote, pale pale, mikono imeshika kiondo kitupu. Mumewe, Kioko, alifanya kazi bandarini Mombasa. Mama Mumbua, jina lake Kalekye, hakujua kusoma wakati huo, na Kioko hakutaka barua zake zisomwe na mtu mwingine, basi alimtumia kaseti. Anaongea, anapiga gitaa kidogo, anaongea tena, mpaka utepe unaisha, kwa maana hakupenda kaseti ibaki na nafasi. Mumbua alipokuwa na miezi minne, Kioko akafa huko huko. Kalekye akabaki na mtoto na zile kaseti. "Nilikuwa nikizicheza nalia," akasema, "sipiki, silimi, maziwa yakakauka. Halafu nikaokoka kwenye mkutano, na akina mama wa ushirika wakaja nyumbani wakasikia gitaa. Wakaniambia, dada, mtu aliyeokoka na gitaa la dansi, inakuwaje? Wengine walichoma za kwao. Mimi kuchoma sikuweza. Kwa hiyo nikaziba matundu kwa selotepu, kila Jumapili nikabeba redio kanisani nikarekodi neno la Mungu juu yake. Hakuna aliyenilazimisha, usifikirie hivyo. Niliona ni kama kumfunika blanketi."

Sasa Mumbua alikuwa na miaka ishirini na moja na wiki tatu zijazo ilikuwa ntheo yake, siku ambayo upande wa mchumba unaleta mbuzi nyumbani kwa msichana na wazee wanakaa pande mbili. Mumbua hakuwahi kusikia sauti ya baba yake. Hakuwa hata na picha, ila ile ya kitambulisho, ambamo kila mtu anafanana na mwizi. Lakini tangu utotoni mama alimwambia kaseti zipo, zimehifadhiwa, siku moja utasikia. Na sasa Mumbua alisema siku ni hiyo: mbuzi wakiingia, anataka baba yake aongee ndani ya nyumba. "Hajui nilizirekodi juu," Kalekye akasema. "Nimemdanganya miaka yote hii. Nikimwambia sasa, atanitazama na macho gani?" Nami, na cheti changu kilichokunjwa mara nne, nikamwambia maneno ambayo mpaka leo yanafanya masikio yangu yapate moto: "Usijali mama. Kompyuta inaweza."

Fundi aliporudi na kusikia, alikaa juu ya kasha la soda akashika kichwa. "Ati inaweza nini? Mwende, utepe si ukuta ati unakwangua chokaa. Ukirekodi juu, cha chini kimefutwa. Kimekwenda. Umemwahidi mjane wa watu nini?" Nikasema nilifikiri kuna programu. "Programu!" akasema. "Basi programu ikamfufue na mwenyewe kabisa." Hakuwa amewahi kunikaripia hivyo. Nilimwomba nizihamishe hata hivyo, pengine kuna sauti imebaki chini kwa mbali, akasema nihamishe, lakini Mama Mumbua akirudi, nitakayemwambia ukweli ni mimi, kwa kinywa changu.

Nikaanza. Kaseti ya kwanza, mhubiri. Ya pili, mhubiri, mwingine, mkali zaidi. Sauti zote zilikwenda kasi, nyembamba, kama za watoto waliobanwa mlango, na Fundi akaniambia sababu bila kuinua kichwa kutoka kwenye kazi yake: redio iliyorekodi ilikuwa na betri zilizochoka, zile watu walizokuwa wakizianika juani juu ya bati ili zipate nguvu ya Jumapili moja tena, na betri ikichoka utepe unatembea polepole, ukiucheza kwa mwendo wa kawaida kila mtu anaongea mbio. Nilisikiliza kwa masikio yote kama kuna mwanamume chini ya mhubiri. Hakukuwa na mwanamume. Kulikuwa na mwanamke karibu na redio aliyeimba kuliko kanisa zima, kulikuwa na mtoto analia, vikohozi, benchi zinaburutwa, na hayo yote niliyaona takataka. Amina ikisemwa, nazima. Siku tatu, kaseti tisa, hakuna Kioko. Nilianza kupanga maneno ya kumwambia Kalekye.

Siku ya nne nilichoka kabisa. Nikaweka kaseti ya kumi, nikaona potelea mbali, nikaenda kula dengu nikaiacha inazunguka peke yake. Nilikula polepole, kwa hasira, na sahani nikaifuta mpaka ikang'aa. Niliporudi redio ilikuwa imejizima. Nikaketi, nikatazama kioo, na nikaona kitu. Milima ya mhubiri ilikuwa pale, minene, imejaa. Halafu amina, kilima kidogo. Halafu mwiba mmoja mwembamba, kitufe kimebonyezwa. Halafu, baada ya ule mwiba, mahali ambapo siku zote nilikuwa nimeshazima, kulikuwa na vilima vingine. Si vya mhubiri. Vilikuwa vya mviringo, vimepangwa sawasawa, kama mtu anayekung'uta gitaa.

Nilibonyeza. Ikatoka sauti nyembamba, ya haraka, kwa Kikamba cha Makueni: "Kalekye, kaseti inaisha, inaisha kweli, nauona utepe umebaki kidogo, mwambie mama ule mbuzi mweusi asiuzwe, na wewe ule, usinikondee, uki..." Tak.

"FUNDI!" Nilipasua leso katikati, sikuifungua, niliipasua. Fundi alikuja na bisibisi mkononi akidhani umeme umenishika. Nikaicheza tena. Tena. Alikaa chini taratibu. Nilimweleza nikirukaruka: mhubiri akimaliza kabla ya utepe, Kalekye alizima redio, na pale alipozima, palipobaki, hakuna kilichofutwa! Kila kaseti ina pande mbili, kila upande una mkia! "Mikia," Fundi akasema, macho yamejaa maji. "Jamaa amebaki kwenye mikia." Halafu akanitazama kwa jicho lingine kabisa. "Na zile tisa za kwanza? Uliziacha mpaka zikajizima?" Sikuwahi kuona aibu namna hiyo, na sikuwahi kuwa na raha namna hiyo, vyote viwili kwa dakika moja. "Rudia zote," akasema. "Na safari hii usikate kitu chochote. Mhubiri, kikohozi, benchi, kila kitu, mpaka mwisho." Nilizirudia zote nikiimba.

Tulipata mikia ishirini na sita. Mmoja ulikuwa sekunde tatu, "Haya basi," tu. Mrefu zaidi ulikuwa karibu dakika mbili, gitaa na kicheko. Kwa vile Kioko alijaza kila kaseti mpaka mwisho, mikia yote ilikuwa ya kuagana. Mtu ana haraka, utepe unamwishia, anataka kusema vyote: salimia fulani, funga mlango wa ghala, nimekununulia viatu sijui kama vitakutosha. Na karibu kila mara, katikati ya neno, anakatwa. Jumla yake ilikuwa dakika kumi na moja. Lakini bado alikuwa na sauti ya mtoto, kwa maana betri zake za Mombasa nazo zilikuwa zimechoka. Kompyuta ingeweza kuishusha, ningevuta kitu fulani kwa mausi na mwendo ungepungua. Mpaka wapi? Hapo hata Fundi, masikio ya Makindu yote, alishindwa. "Mimi sikumjua huyo mtu," akasema. "Aliyemjua ni mmoja."

Kalekye alikuja akiwa amejiandaa kupokea habari mbaya, ilionekana jinsi alivyokaza taya. Nilimwambia ukweli kama nilivyoagizwa, kwamba nilimdanganya, kwamba kilichofunikwa hakifunuki, halafu kabla hajasimama nikamwambia habari ya mikia. Hakuelewa. Nikamvalisha zile spika za masikio juu ya leso yake. Alisikia ile sauti ya kitoto akakunja uso. "Huyu si Kioko." Nikavuta kidogo. "Huyu ni ndugu yake mdogo," akasema, na nusura acheke. Nikavuta tena. "Bado." Fundi alikuwa amesimama na pamba ya spiriti mkononi, inachuruzika, hana habari. "Bado. Bado... umepita, huyo ni mzee sana, rudisha. Rudisha kidogo." Nikarudisha kwa ncha ya kidole. Na Kalekye akapiga meza kwa kiganja, pa! kaseti zikaruka. "HAPO! Hapo hapo! Usimguse! Huyo ndiye!" Akaanza kucheka, akaanza kulia, akaanza kujibu. Mwanamume anamwambia ule mbuzi asiuzwe, naye anasema, "Niliuza, Kioko, nisamehe, niliuza," na machozi yanaingia mdomoni na anacheka. Nimefanya kazi ya kompyuta maisha yangu yote tangu hapo, nimefundisha watoto wa watu, na sijapata tena siku kama ile.

Siku ya ntheo tulialikwa mimi na Fundi. Nyumba ya Kalekye ilikuwa na chumba kimoja kikubwa, viti vya kuazima kanisani, na kutoka jikoni ilikuja harufu ya muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe mpaka yakalainika. Mbuzi waliingia, wazee wakakaa, nasi tukabonyeza. Dakika kumi na moja Kioko aliaga na kuaga. Mumbua alikuwa amesimama karibu na spika, na ulipofika ule mkia ambao baadaye aliukariri kama mstari wa Biblia, alifunika mdomo: "Nasikia mtoto analia sana. Mwache alie, Kalekye. Anajaribu mapafu. Nikija nita..." Tak. Ilipokwisha, akauliza mbele ya wote, "Na mwanzo wake? Mbona ni mwisho tu?" Mzee mmoja alitaka kubadilisha mazungumzo, lakini Kalekye akasimama jinsi wanavyosimama kutoa ushuhuda kanisani, mikono mbele. "Bwana asifiwe. Mwanzo niliufuta mimi. Hawa wawili wamenisaidia kupata kilichobaki. Mwanangu, nilikudanganya."

Mumbua aliingia jikoni, akaanza kupakua, akapeleka sahani kwa wageni wote, wazee, akina mama, mimi, Fundi, na alipofika kwa mama yake, akamruka. Alipita mbele yake mara mbili na sahani mkononi. Fundi alichukua sahani yake mwenyewe, hajaionja, akampelekea Kalekye magotini, akarudi akakaa mikono mitupu. Wiki moja ilipita kabla wale wawili hawajasemezana, na aliyevunja ukimya ni Mumbua, aliyekuja Makindu kuniuliza mama yake alisema nini hasa siku ile aliposikia sauti ya baba dukani. Nilimwigizia yote, mpaka kiganja. Akacheka mpaka akakaa sakafuni, akapanda gari la kurudi nyumbani siku hiyo hiyo.

Kalekye alikuja kuchukua kaseti zake mara ya mwisho. Tulimwonyesha CD tatu: moja ya Kioko, mbili zenye rekodi zote nzima. Akaisukuma ile jozi kando. "Hayo mahubiri tupeni. Si kwamba ni mabaya, neno ni neno, lakini ndiyo yaliyonilia bwana. Sitaki kuyasikia tena. Mwende, uyatupe." Nikasema sawa mama. Alipotoka nikaelekea pipani, na Fundi akanishika mkono. Akazichukua, akaandika juu yake kwa kalamu nyekundu: MAMA MUMBUA, KANISANI. USITUPE. "Lakini mwenyewe amekataa," nikamwambia. "Mwenyewe anasikia mhubiri," akasema. "Wewe ulikaa nazo wiki mbili. Ulisikia nani?" Nikajibu nilisikia mhubiri. Akatikisa kichwa, akanipa nikae nazo. Fundi alishatangulia, Mungu amlaze pema, na mimi nimezihamisha zile rekodi mara tatu tangu hapo, kutoka CD kwenda diski, diski kwenda flashi, flashi kwenda laptopu hii isiyo na hata mdomo wa CD. Katika kuhama kwa pili, nikiwa mama wa watoto wawili, ndipo nilipomsikia aliyekuwa anaimba.

Nilifika Kathonzweni siku moja kabla ya mazishi, saa nane mchana. Akina mama walikuwa wanapika nje, na Mumbua, ambaye sasa ana mvi mbele kama mama yake, alikuwa mle mle chumbani anapanga viti. Macho yake yalikuwa makavu. Walinieleza mlangoni, kwa kunong'ona, kwamba hajalia tangu aliponipigia simu, anafanya kazi tu. Nilimpa CD ya baba yake, akashukuru, akataka kurudi kwa viti. Nikamwambia akae. "Kuna nyingine," nikasema. "Mama yako aliniambia niitupe."

Nikafungua laptopu. Kwanza alikuja mhubiri, mbali, mbio mbio, sauti ya kitoto. Mumbua akanitazama kama nimechanganyikiwa. "Subiri," nikamwambia. "Msikilize aliye karibu." Na wimbo ukaanza, na karibu kabisa na redio, redio aliyoiweka magotini pake, mwanamke kijana akaimba kuliko kanisa zima. Mumbua akashika ukingo wa meza. Nilianza kushusha mwendo, taratibu. Sikumuuliza kitu. "Bado," akasema mwenyewe. "Bado... rudisha. Hapo." Akafumba macho. "Hapo. Huyo ni mama." Kwenye rekodi mtoto akaanza kulia, kwa nguvu zake zote, juu ya mhubiri, na yule mwanamke akawa ananong'ona, "Nyamaza mwaitu, nyamaza," jinsi Wakamba wanavyomwita mtoto wa kike kwa jina la mama, na mtoto hanyamazi. Mumbua akafungua macho. "Huyo ni nani?"

"Ni wewe," nikamwambia.

Ndipo alipolia. Hakikuwa kilio cha kunyamaza na kupumua kama cha kwenye simu, alipasuka, mpaka waliokuwa wanapika wakaja mlangoni na miiko, na shangazi mmoja akamkumbatia kutoka nyuma akimwambia, "Nyamaza, Mumbua, jikaze, wageni wako njiani, nyamaza." Kwenye rekodi mhubiri alikuwa amemaliza. Kalekye alisema amina, ya mwisho na ya sauti kuliko wote, na mkono wangu ukaenda kuzima. Mumbua akaudaka. "Wacha ifike mwisho," akasema, maana alijua nani hufuata baada ya amina. Tukasikia kidole cha mama yake kikibonyeza kitufe. Halafu baba yake akaja, mwepesi kidogo kwa vile mwendo ulikuwa wa mama, kama mtu mwenye haraka, lakini ni yeye:

"Nasikia mtoto analia sana. Mwache alie, Kalekye."

Shangazi akaondoa mikono yake, na hakuna aliyemnyamazisha tena.